Jirani Yangu Aliyelea Dini Uani

Jirani yangu wa Kismayu amefariki. Habari nimeipata Jumanne hapa bandarini Mombasa, kwa Mbajuni mmoja aliyeshuka na marobota ya papa mkavu. Alinitazama sana usoni, kisha akaniuliza kama si mimi yule mke wa baharia aliyekuwa akikaa nyuma ya forodha ya Kismayu. Nikamwambia ndiye mimi. Akavua kofia. "Basi pole, mama," akasema. "Yule mwenzio Mnasara chumemzika wiki ilopita." Nilikaa kitako juu ya robota, na harufu yote ile ya papa, na sikuona haya. Nimechoka, wasomaji wangu. Nimefika umri wa kuletewa misiba kama watu wanavyoletewa salamu, na huu umenikuta sina hata nguvu ya kulia vizuri. Nikamshukuru yule mtu, nikarudi nyumbani kwa miguu, na chakula cha mchana sikukila.

Anayenijua katika ukurasa huu anajua kuwa mimi ni Mwislamu, mtoto wa kisiwa cha Fuma, na kwamba nikisema jirani yangu alikuwa Mkristo sisemi kwa kumlaumu wala kwa kumshangilia. Kama yuko anayetaka kunisahihisha kwa sababu namwombea rehema mtu wa dini nyingine, asubiri nimalize, kisha aje tuonane. Ninaandika habari zake kwa sababu mwezi huu nimekaa katika mikutano miwili ya wazazi juu ya watoto na dini, mmoja wa Waislamu na mwingine nilioalikwa na Wakristo, na yote miwili ilikuwa mkutano mmoja tu. Wazazi waliwalaumu walimu, walimu wakawalaumu wazazi, kisha wote kwa pamoja wakailaumu redio, maana redio haina mdomo wa kujibu. Nilitoka pale kichwa kinaniuma, nikimfikiria mwanamke mmoja wa Kismayu ambaye hakuwa hata na mtu wa kumlaumu.

Nilipelekwa Kismayu nikiwa bibi harusi, wakati Waitaliano wamekwisha kuichukua nchi ile kutoka kwa Mwingereza na kujenga nyumba zao nyeupe karibu na bahari. Mume wangu alikuwa baharia, yaani nilikuwa na mume kwa wiki moja na mama mkwe kwa miezi mitatu. Ua wetu na ua wa yule jirani zilitengwa na kitalu cha makuti kilichokuwa kimeoza, na baada ya masika moja kikaanguka, wala hakuna aliyejisumbua kukisimamisha. Basi tukawa na ua mmoja. Yeye alikuwa mtoto wa watu wa mtoni, Juba, wazazi wake wamelelewa na wamisionari, na mumewe alikuwa mpishi wa ofisa mmoja wa Kiitaliano aliyehamishiwa Mogadishu, akahama naye. Alikuwa na watoto wawili, msichana wa miaka kama tisa na mdogo wake wa kiume. Kisha serikali ikawaambia wale wamisionari wafungashe waende kwao. Nyumba yao ya sala ikafungwa, ikawa ghala ya magunia. Wakristo wa mji walibaki nyumba chache za kuhesabika, hawana mchungaji, hawana shule, wana mzee mmoja tu wa kanisa, mtu wa miguu mibovu, aliyekuwa akizunguka kwao kila alipoweza.

Mtaa mzima ulikaa ukingoja, wala si kwa ubaya. Tuliona ni jambo la wakati tu. Mama mkwe wangu, ambaye hakujua kusema kitu kwa kunong'ona, alikuwa akisema akipara samaki, "Wachu wawili hawana mwalimu, hawana pa kusalia, hiyo dini itakaa wapi? Mwakani wana wale chutawaona chuoni." Chuo kwetu ni pale watoto wanaposoma Kurani, na chuo chenyewe kilikuwa nyumba ya tatu kutoka yetu, sauti za watoto zinaingia mpaka jikoni. Jirani alikuwa akisikia hayo yote, akicheka kidogo, akiendelea na kazi yake.

Kazi yake ndiyo ilikuwa kanisa lake, lakini mimi nilichukua muda kuliona hilo. Hakuwa na hotuba yule mwanamke. Hakuwaweka watoto mstari akawahubiria. Alikuwa na ungo wa mchele. Mchele uliokuwa ukiletwa Kismayu siku zile ulikuwa na vijiwe vya kuvunja meno, na kuchagua mchele wa chakula kimoja ni kazi ya muda mrefu. Basi akiketi na ungo mapajani, watoto huku na huku, anaanza hadithi ya kitabu chake: mtu aliyeuzwa na ndugu zake, mwanamke mjane na mkwe wake, mwana aliyepoteza mali ya baba yake akarudi. Mchele ukiisha kutakata, hadithi inakatwa papo hapo, hata kama mtu yumo kisimani anangoja kutolewa. Siku moja niliona mchele umechukua muda kuliko kawaida. Nilipotazama vizuri, nikamwona yule mdogo wa kiume anachota changarawe kwa siri uani na kuzidondosha katika ungo, dada yake akimkinga kwa kanga ya mama. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama yao alikuwa ameona zamani. Akazichagua zile changarawe moja moja, akaendelea na hadithi.

Hata herufi hizi ninazoandikia ni za uani pale. Mimi nilikuja Kismayu najua kusoma za Kiarabu tu. Yeye alikuwa akiwafundisha watoto kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku, na mimi nikipara muhogo upande wangu nikawa nafuata kwa macho, mpaka siku moja msichana alikosea neno nami nikamsahihisha. Mama yake akaniangalia, akaniletea kipande cha mkaa. Hakuniambia neno la dini yake hata siku moja, wala mimi sikumwuliza.

Sasa nije kwenye Ramadhani moja. Jirani alikuwa amewafundisha watoto wake jambo moja kwa ukali kidogo: mwezi wa Ramadhani hakuna kula wala kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Kula ndani, futa mdomo, kisha utoke. Kumpenda jirani kumo katika kitabu chao, na jirani tulikuwa sisi. Mwaka ule msichana alikuwa amekua, mashoga zake wa mtaani wameanza kufunga, na mchana kutwa alikuwa nao, akisuka ukili, akichota maji. Kila akirudi ndani kula akaona anawakimbia wenzake. Siku ya kwanza aliahirisha mpaka adhuhuri, siku iliyofuata mpaka alasiri, na wiki haijaisha alikuwa anafunga kutwa nzima kama mtoto wa shekhe. Mama yake alipogundua alimwuliza kwa nini. Akajibu, "Si ulisema tusile wakiwa na njaa?" Jirani alikuja upande wangu, akaketi juu ya kinu kilicholala. "Mwenzangu," akaniambia, "nilimfundisha heshima, akaipokea yote. Sasa nimkanye nini?" Nilimwambia amlishe kwa nguvu. Akasema amejaribu, mtoto amelia, na ukimlisha mtoto kwa nguvu ili asiwapende wenzake umemfundisha nini? Akamwacha.

Jumapili moja katikati ya mwezi, yule mzee wa kanisa akaja baada ya adhuhuri, akikokota miguu, na mfuko wa tende. Msichana alikuwa amelala mkekani uani, midomo imemkauka. Mzee akampa tende. Mtoto akakataa kwa adabu. "Nimefunga, babu."

"Umefunga? Umefunga nini?"

"Ramadhani."

Mama mkwe wangu alitoa kicheko jikoni ambacho natumaini Mungu amemsamehe. Mzee hakucheka. Alisimama pale na tende mkononi, na uso wake ulinihuzunisha, maana ulikuwa wa mtu aliyetembea sana akakuta alichokuwa akikiogopa. Akamgeukia mama yake mtoto.

"Binti yangu, wamekwisha chukuliwa."

"Hawajachukuliwa, mzee. Hukai, ukapumzika?"

"Nikae nini? Wewe ni mmoja, mji ni mzima. Mimi sikulaumu. Mtu mmoja hawezi." Ndipo akasema alichokuja nacho. Alikuwa na jamaa zake upande wa Mwingereza, huku Kenya, Wakristo, wenye kanisa na shule. Baada ya Idi kulikuwa na chombo kinachokwenda Ras Kamboni, kutoka pale watoto wangevushwa mpaka Kiunga, na watu wake wangewapokea huko. Baba yao amekwisha ulizwa kule Mogadishu, na jibu lake lilikuwa kwamba atakalosema mzee ndilo. "Watakaa huko mpaka wakue. Watalelewa katika dini."

Jirani hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na mimi?"

"Wewe utawaombea," mzee akasema, na naamini alisema kwa upole.

Nimeona watu wakipewa habari za kuzama kwa vyombo, lakini sijaona mtu akitulia vile. Watoto wale ndio waliokuwa maisha yake. Mume hayupo, ndugu wako mtoni, kanisa limejazwa magunia, na sasa anaambiwa kwa wema kabisa kwamba kwa kuwa anawapenda watoto wake katika dini, awatoe. Nilitaka kuingilia kati nikakosa njia. Ningesema nini, mimi Mwislamu? Nikisema waacheni, mzee ataona ndiyo hayo hayo aliyokuwa akiyahofu. Mama mkwe wangu ndiye aliyetoka jikoni, kisu cha samaki mkononi, akamwambia mzee wa watu, "Mchu mzima kama wewe, wachoka, hukali. Ndo' ukae, ufutari na sisi, kisha uwatukue hao wana wako." Mzee akakaa. Nadhani aliogopa kisu.

Jua lilipotua, mwadhini akaadhini, na kila mtu uani akashika chake. Sisi tukafuturu kwa maji na tende. Upande wa pili jirani alikuwa amepika muhogo wa nazi na samaki, sahani zimetandikwa mkekani. Mzee akakunja mikono tayari kuomba, kwa sababu yeye ndiye mkubwa pale. Lakini msichana hakujua taratibu hizo. Alikuwa na njaa, na mazoea yake ya mwezi ule yalikuwa kwamba adhana ikilia, yeye aliyefunga ndiye anayeomba, kule ndani kwao. Akafumba macho akaanza. Mimi sikuwahi kumsikia mama yake akiomba, maana alikuwa akiomba ndani kabla ya alfajiri, watoto wamelala ubavuni, au tulidhani wamelala.

"Bwana," mtoto akasema, "tumechoka leo. Kuni zilikuwa mbichi na maji ya kisima yana chumvi. Baba hajaja. Asante kwa samaki. Mume wa mama mdogo yuko baharini, usimwache, na mama mdogo usimwache, ana hofu lakini hasemi. Wote waliofunga leo wape nguvu. Na mimi nisiwe na hasira na mdogo wangu. Tumechoka, lakini tupo. Amina."

Mama mdogo ni mimi. Mume wangu alikuwa na siku nyingi hajaonekana, na kweli nilikuwa na hofu, na kweli sikuwa nimemwambia mtu. Nikairudisha tende sahanini. Mama mkwe wangu, ambaye mwanawe ndiye aliyeombewa, alisema "Amin" kwa sauti, kisha akajifanya anakohoa.

Mzee akakunjua mikono yake. "Nani amekufundisha kuomba hivyo?" akamwuliza mtoto.

"Hakuna. Mama husema hivyo asubuhi akiwa amechoka."

"Huchoka siku zipi?"

Mtoto akafikiri, mdomo umejaa muhogo. "Siku zote."

Hapo ndipo jirani yangu alipolia. Si kilio cha kusikika, ni machozi tu, na mkono wake unaendelea kumtengea mzee samaki. Mzee akala. Alikula kila alichowekewa, na alipomaliza akanawa, akasema chombo kitakwenda bila wao, na kwamba yeye mwenyewe atamweleza baba yao. Kisha akamwita yule msichana karibu, akamwambia, "Kesho asubuhi mkiomba na mama, niombeeni na mimi. Miguu inaniuma sana." Akaondoka na fimbo yake. Mume wangu alirudi wiki ile ile, chombo kimevunjika mlingoti, na mama mkwe akapeleka sahani ya halua upande wa pili bila maelezo.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningewadanganya. Watoto walikaa, wakakua, na mambo hayakwenda sawasawa. Msichana hakufunga tena Ramadhani iliyofuata, alikuwa amepata akili ya kula ndani na kuwapenda wenzake nje. Amebaki na imani ya mama yake mpaka leo, na ana watoto wake. Yule wa kiume, mwenye changarawe, alisilimu alipotaka kuoa, naye ni Mwislamu mzuri. Nilipompa mama yake pole sikujua nampa pole ya nini, mimi ambaye ilinipasa kufurahi. Alisema, "Anajua mlango." Mara nyingi nimejiuliza kama usiku aliwahi kufikiri kwamba mzee alikuwa na haki, kwamba kule upande wa Mwingereza wote wawili wangeshika alichotaka wakishike. Sikumwuliza, na sasa haiulizwi tena. Kisha vita vikaja, Waitaliano wakaondoka, Waitaliano wakarudi kwa jina jingine la wadhamini wa nchi, na sasa nasikia wanafungasha tena. Mimi nilihamia huku na mume wangu, jirani akabaki nyuma ya forodha.

Yule Mbajuni wa papa alinisimulia maziko. Alisema kaburi lilichimbwa na mwanawe wa kiume kwa mikono yake, hakutaka kusaidiwa. Mchungaji hakuwapo, Kismayu hakuna. Kaburi lilipokuwa tayari, yule mdogo akatoka shimoni, akasimama kando na majirani wa msikiti wake, na dada akasonga mbele akaomba. Nilimwuliza aliomba nini. Akasema hakusikia vizuri kwa upepo, lakini yalikuwa maneno ya kawaida tu, kama mtu anayezungumza na mtu wa nyumbani, na kwamba mdogo mtu alikuwa akilia kuliko wote.

Katika ile mikutano yetu tulitafuta mwalimu bora, kitabu bora, saa bora ya darasa. Sisemi visitafutwe. Lakini hakuna aliyeuliza watoto wetu wanatuona na Mungu saa ngapi. Wanatuona tumevaa vizuri Ijumaa, au Jumapili, kila mtu na siku yake. Tukichoka tunawafukuza, tunawaambia nendeni kwa mwalimu, nendeni chuoni, mama ana kazi, bibi anaumwa kichwa. Na mtoto naye hana haraka, anangoja hapo hapo uchovuni aone tuna nini. Nina wajukuu wanne katika nyumba hii, na mwalimu wao ninamlipa vizuri. Toka Jumanne nimefikiri, na sikumbuki kama wamewahi kunisikia nikiomba kwa maneno yangu mwenyewe, ya mwanamke mzee mwenye magoti mabaya na misiba mingi. Magharibi inakaribia ninapoandika haya, na wako hapa sebuleni wanapiga kelele. Nimechoka sana leo. Nafikiri nitawaita.